Kisogo cha Chiriku

Ukitaka siri za mtaa, usiende polisi, nenda saluni. Mtu akishainamisha kichwa tu, mdomo unafunguka wenyewe. Na saluni ya Mama Chiriku ilikuwa na habari kuliko zote: chumba kimoja, kioo kilichopasuka pembeni, kikausha nywele kinachonguruma kama kina kinyongo na mtu, na benchi la kusubiria ambalo nusu ya waliolikalia hawakuja kusukwa. Walikuja kusikiliza.

"Mimi nasoma vichwa," Mama Chiriku alipenda kujigamba. "Nikigusa tu najua mume amerudi, mume ameondoka, au mume yupo lakini heri angeondoka."

"Na changu kinasemaje?" mteja angeuliza.

"Chako kinasema una deni la usingizi. Tulia nisuke."

Chiriku alikuwa binti yake wa pekee, miaka kumi na minne. Jina alipewa kwa utani, likageuka kuwa mapenzi. Mtoto hakuwahi kutamka neno, lakini alikuwa na mlio wake mmoja, mwembamba, unaopanda mwishoni kama swali. Chwii. Miguu haikumbeba, mikono ilikwenda ilikotaka yenyewe, lakini macho yake yalikuwa hayakosi kitu. Akifurahi, chwii. Akikasirika, chwii nyingine, na ole wako usiyejua tofauti.

Mama yake alimbeba kwa mbeleko tangu mchanga. Watoto wengine wakashuka mgongoni, wakaanza shule, wakaanza ujeuri, yeye bado yuko juu. Alisuka watu huku amembeba. Mpaka siku moja mgongo ukalia kah! mbele ya wateja, akabaki ameinama vilevile, akitania kwamba anatafuta pini iliyoanguka. Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Kisha wakaona pini haipatikani, wakaacha kucheka.

Ndipo akasikia habari za Kituo, nyumba ya kulelea watoto wenye ulemavu, nje kidogo ya mji. Wakampokea Chiriku bila maneno mengi. Usiku wa kwanza bila mtoto, Mama Chiriku alilia. Wa pili alilala. Wa tatu alilala tena, na asubuhi akaona aibu kwa jinsi alivyolala vizuri.

Kutoka hapo hakuwa na wimbo mwingine. Mteja akikaa, Kituo. Akiinuka, Kituo. "Wale si walezi, ni malaika waliosahau mabawa nyumbani," alisema. Aliwasifu mpaka jirani yake Mama Pacha, ambaye mbali na pacha wake alikuwa na mvulana wa miaka sita asiyeweza kukaa bila kushikwa, akasema, "We mwenzangu, kama ni hivyo, na mimi nimpeleke." Akampeleka. Mtoto mwenyewe nyumbani walimwita Bwana Mkubwa, kwa vile kila kitu alitaka aletewe.

Shukrani ni kitu kizuri. Lakini shukrani ikizidi, ndugu yangu, inakuwa na kope nzito.

Wazazi waliruhusiwa kuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, na waliishia barazani. Bwenini hapana. "Wakiona wageni wanapata msisimko, usiku hawalali," alieleza Matroni, mama mnene mwenye sauti laini na rundo la funguo kiunoni. Funguo zile alizijua kwa kugusa tu, hakuwa akizitazama. Mama Chiriku hakuona ubaya. Yeye alikaa pale barazani, akamweka binti yake kati ya magoti, akafumua, akachana, akasuka upya. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Miezi michache nyuma aliona jambo. Msuko wa mbele ulikuwa umetulia kama wa jana, lakini nyuma, pale kisogoni, ulikuwa umechakaa kama umetafunwa na panya. Nywele zimekatika, ngozi inang'aa, duara la ukubwa wa kifuniko cha chupa.

Sasa sikiliza. Hakuna tusi baya kwa msusi kama upara wa mteja. Kitu cha kwanza kilichomjia ni: nimemkaza mtoto. Nimemkaza mpaka nimemnyofoa. Alijilaumu njia nzima ya kurudi, na safari iliyofuata akamwendea Matroni na kumwomba radhi.

Matroni akamtazama kwa muda. Kisha akamshika mkono. "Usijali, mama yangu. Sote tunakosea. Siku nyingine usimkaze."

Basi akaanza kusuka kwa ulegevu, misuko kama ya mtoto anayejifunza. Akanunua mafuta mazuri kuliko anayowapaka wateja. Akaleta kilemba laini cha kulalia. Mwezi uliofuata duara lilikuwa la ukubwa wa kikombe. Na watoto wote, joto lote lile, walikuwa wamevalishwa kofia za kufuma za rangi moja.

"Mnaunda timu ya mpira?" Mama Chiriku aliuliza.

"Zawadi ya wafadhili," Matroni alijibu, akicheka kwa mdomo tu.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya kufungua jengo jipya. Mgeni rasmi angekata utepe, na Mama Chiriku ndiye aliyechaguliwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wazazi. Nani mwingine? Alikuja asubuhi na mapema, gauni limepigwa pasi, vichekesho vimepangwa kichwani, na mkoba wake wa kitana na mafuta. Ile mbeleko ya zamani ilikuwa ndani ya mkoba, aliitumia kufungia vifaa.

Kituo kilinuka rangi mbichi. Viti vya plastiki vimepangwa uani, utepe umefungwa mlangoni, maua ndani ya ndoo. Na kimya. Nyumba yenye watoto wote wale, kimya kama benki. Watoto walikuwa barazani, wamepangwa kwenye viti vya magurudumu, kofia kichwani, nguo safi, soksi nyeupe pee.

Chiriku akamwona. Chwii!

"Nakuja, mama, nakuja. Usinitangaze kwa watu."

Na kutoka mbali, ndani kabisa ya nyumba, kitu kikajibu. Mlio mzito kidogo, unaopanda mwishoni.

Mama Chiriku akageuza shingo. "Nani huyo?"

"Mwangwi," alisema Matroni, akipita na kitambaa cha meza. "Jengo jipya, kuta tupu. Hata mimi nikikohoa naitikiwa."

Mama Chiriku akacheka. Akakaa, akafungua mkoba. Chini, karibu na mguu wake, lilikuwa gurudumu la kiti cha Chiriku. Viti vile vililetwa kabla ya mvua, yeye mwenyewe alivipigia vigelegele. Sasa aliona mpira wa gurudumu ungali na vile vinywele vidogo vya kiwandani, vinavyoisha siku ya kwanza tu gurudumu likiguswa na ardhi. Vyote vilikuwepo, vimesimama kama manyoya ya kifaranga.

"Kiti kinavaa viatu vipya kila mwezi," alitania. Hakuna aliyecheka.

Akamvua Chiriku kofia.

Duara lilikuwa limekuwa kiganja. Katikati yake palikuwa na kidonda kilichokauka, cheusi. Na nywele za mbele, zile alizosuka kwa ulegevu wa kuchekesha, zilikuwa palepale alipoziacha.

"Nilegeze zaidi ya hapa, au niache kusuka?" alinong'ona. Akachagua mtindo rahisi, twende kilioni, mistari yote inaelekea nyuma, ili walau ifunike. Chiriku alitulia tuli. Kila kidole cha mama kilipofika kisogoni, mtoto alisukuma kichwa nyuma, akakiegemeza kwenye kiganja, akafumba macho.

Mama Pacha akafika akihema, akamwinua Bwana Mkubwa kutoka kwenye kiti na kumpakata. "Mwenzangu, amekonda au macho yangu?"

"Macho yako. Kwani wewe ulimpeleka akiwa mnene?"

"Hata kunidai kitu hanidai. Bwana Mkubwa wa kudai dunia nzima! Nimemletea gari lake, hata halitazami." Mama Pacha alimvua mtoto kofia ampepee. "Na joto lote hili jamani, mtoto na sufu..."

Mama Chiriku aliinua macho kutoka kwenye msuko, na vidole vyake vikasimama.

Bwana Mkubwa alikuwa na nywele fupi za kinyozi, hazijawahi kuguswa na msusi hata siku moja. Na kisogoni, palepale, ilikuwa imeanza. Duara dogo, nywele zimesagika, ngozi inaanza kung'aa. Ukubwa wa kifuniko cha chupa.

Kuna mambo mtu anayajua siku zote ila hajakaa nayo. Msuko ukikazwa unakula kingo za uso, unakula juu ya masikio. Hauruki huko kote ukaenda kula kisogo. Hilo aliwaambia wateja kila siku. Lakini kisogo kuwa na kipara hivi, kila mwanamke aliyezaa anakijua. Ni kipara cha mtoto mchanga. Cha mtoto ambaye hajaweza kukaa, analala chali kutwa, anageuza kichwa huku na huku akingoja kubebwa.

"Vipi, mbona umeduwaa?" Mama Pacha aliuliza.

"Hamna." Akainuka. "Hebu niwatengeneze hawa watoto kofia kabla ya wageni. Zimekaa kama za walevi."

Akapita barazani akitabasamu, kiti hadi kiti, anainua kofia, anapitisha kiganja, anairudisha. Huyu. Na huyu. Na huyu msichana aliyewekewa shada la maua mapajani ampe mgeni rasmi. Wasichana na wavulana, waliosukwa na walionyolewa. Kwa wengine palikuwa laini kabisa kama kigae. Kila mtoto alisukuma kichwa nyuma, kwenye kiganja chake.

Alipofika mwisho wa safu, Matroni alikuwa amesimama pale.

"Mama Chiriku. Njoo kidogo."

Wakaingia ukumbini, penye kivuli na harufu ya rangi. Chini ya harufu ya rangi palikuwa na harufu nyingine. Mwisho wa ukumbi ulikuwa mlango wa bweni, umefungwa kwa kufuli.

"Unatafuta nini vichwani mwa watoto wa watu?"

"Wanalala chali," alisema Mama Chiriku. Sauti ilimtoka ndogo, si ile ya saluni. "Mwezi mzima. Mnawatoa Jumapili yetu tu."

Matroni hakukana. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alipumua tu, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo kwa muda mrefu.

"Nina wasichana wawili wa zamu. Wawili, mama yangu, watoto wote hawa. Unadhani nina mikono mingapi? Kitandani hawaanguki. Hawaungui. Wanakula, wanabadilishwa, wanalala. Wewe ulikuwa na mmoja tu, na alikuvunja mgongo."

"Nilikuomba radhi," alisema Mama Chiriku. "Nilikuomba radhi kwa nywele za mwanangu, na wewe ukaipokea."

"Ungependa ningekuambiaje? Ulikuwa umefurahi." Matroni alimkaribia, akamtengeneza ukosi wa gauni kama dada. "Sikiliza. Mgeni rasmi akiondoka na furaha, tutapata wasichana wengine. Akiondoka na maneno, tutafungiwa, na hawa wote watarudi wapi? Na ukimchukua wako peke yake, nafasi yake kesho ina mtu. Foleni ni ndefu, na nusu ya foleni hiyo umeileta wewe. Nani atakubebea? Shukuru tu, mama yangu. Wewe unajua kushukuru kuliko wote."

Huko nje honi ikalia. Mgeni rasmi amefika.

*

Utepe ulikatwa. Hotuba zikapita, moja ndefu kuliko nyingine. Mgeni rasmi alikuwa mama mtu mzima, mpole, miwani puani, amekaa kando ya yule msichana wa shada na amelipakata shada lenyewe. Matroni alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani.

Mama Chiriku akaitwa. Kwa nini aseme? Ule mgongo ulikuwa wake. Alijua uzito wa Chiriku, alijua chumba chake, alijua ngazi za choo cha nje. Akisema, leo hii anayarudia yote hayo. Asiposema, kesho asubuhi Chiriku atalazwa chali, atafungua macho, atatazama dari, na atangoja Jumapili.

Akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, mimi ni msusi. Nimezoea kuongea na watu wakiwa wamenigeuzia kisogo. Mkinitazama hivi nawaogopa."

Watu wakacheka. Matroni akacheka pia, mabega yakamshuka.

"Nimekuja kushukuru. Na nashukuru kweli, sifanyi mzaha. Nyumba hii ilinipa usingizi. Nilikuwa nimesahau usingizi una ladha gani. Nililala mpaka nikaanza kunenepa, mpaka wateja wakadhani nimepata bwana." Kicheko tena. "Nililala sana. Nafikiri nililala kuliko inavyofaa."

Jasho lilimteremka mgongoni, palepale penye uchungu.

"Sasa, shukrani ya mdomo ni ya redio. Mimi nasoma vichwa, na leo nataka tusome wote. Wazazi wenzangu, kila mmoja amvue mwanawe kofia. Weka kiganja hapa nyuma, juu kidogo ya shingo. Fumba macho. Mbariki mtoto wako."

Ni jambo gani zuri kuliko hilo? Nani angekataa? Watu wakainuka kwa tabasamu, wakaenda barazani, kofia zikaanza kuvuliwa. Mgeni rasmi naye, kwa moyo mwema, akainama akamvua kofia msichana wa shada.

Kimya kilianzia upande wa kushoto. Kikaja taratibu, kiti hadi kiti, kama mtu anayezima taa za ukumbi. Baba mmoja alifumbua macho, akamgeuza mwanawe, akatazama, akamtazama wa jirani. Mama Pacha alikuwa amekandamiza kiganja kwenye kichwa cha Bwana Mkubwa na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Mgeni rasmi aliondoa mkono, akakitazama kiganja chake kana kwamba kimeshika kitu, kisha akaurudisha.

Matroni akaanza kupiga makofi. "Ahsante sana, Mama Chiriku! Makofi jamani, makofi!" Alipiga peke yake. Pah, pah, pah. Kisha naye akaacha.

"Ahsanteni," alisema Mama Chiriku, akarudisha kipaza sauti.

Akaenda kwa binti yake. Akaikunjua mbeleko, vitana vikamwagika sakafuni, hakuviokota. "Mama Pacha, nisaidie kumpandisha." Wakamwinua. Mgongo ukalia, akauma meno. Chiriku alikuwa mwepesi. Hapo ndipo alipotamani kulia: miaka kumi na minne, na alikuwa mwepesi kuliko alivyomleta. Akafunga fundo kifuani. Kidevu cha mtoto kikatua begani pale pake pa zamani.

Mgeni rasmi alikuwa amesimama ukumbini. "Bweni liko wapi?" aliuliza. Upole ulikuwa umemtoka.

"Kule hakuna kitu, mheshimiwa," alisema Matroni. "Vitanda tu. Watoto wote wako hapa barazani, unawaona."

"Nifungulie nione vitanda."

Matroni akashika rundo la funguo. Zile funguo alizozijua kwa kugusa, leo alizitazama moja moja, polepole, kama anachambua mchele. Si huu. Si huu. Labda huu. Wazazi walikuwa wamejaa nyuma yake, watoto mikononi. Harufu ile ya chini ya rangi ilikuwa imepanda.

Mama Chiriku angeweza kuondoka. Lango lilikuwa wazi, na alichokijia alikuwa nacho mgongoni. Lakini alisimama, akaukumbuka ule mwangwi wa asubuhi.

"Huu hauingii," Matroni alinong'ona. "Sijui umekwenda wapi."

Chwii, akaita Chiriku kutoka mgongoni.

Mlango ukaitikia. Ule mlio mzito kidogo, unaopanda mwishoni. Kisha wa pili, wa mtoto mwingine. Kisha wa tatu.